Manyoya ya Paka Huenda Wapi

Unyoya wa paka haupotei. Anayeishi na paka hulijua hilo mapema, ingawa huchukua muda kulikubali. Unaupangusa kutoka kwenye shuka, unaanguka sakafuni. Unafagia sakafu, upepo wa feni unaunyanyua hadi kwenye pazia. Unafua pazia pamoja na nguo nyingine, na unyoya uleule, ukiwa umelowa, unang'ang'ania mgongo wa shati jeusi uliloliweka kwa ajili ya usaili wa kazi. Tunaposema tumesafisha kitanda, maana yake tumehamisha kitu kutoka hapa kwenda pale.

Swali langu linahusu hapo "pale". Pale ni wapi, na nani anaishi hapo? Kwa maneno mengine: mtu akipenda kitu kinachoacha mabaki, mabaki hayo ni ya nani?

Najua swali hili laweza kuonekana dogo mno kubebeshwa jina la maadili. Nchi ina mambo makubwa, na mimi nazungumzia manyoya kwenye foronya. Lakini wengi wetu hatutawahi kuamua juu ya vita wala bajeti ya taifa. Tutaamua, tena kila wiki, nini kifanyike na uchafu unaotokana na maisha yetu. Kama kuna mahali ambapo haki inafanyiwa mazoezi na watu wa kawaida, ni kwenye beseni na kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyewahi kuishi na kufanya utafiti kati ya Walele wa Kasai huko Kongo, alichapisha mwaka 1966 kitabu kiitwacho Purity and Danger. Hoja yake maarufu ni kwamba uchafu hauko ndani ya kitu chenyewe. Kitu huwa uchafu kinapokuwa mahali ambapo mpangilio wetu haukukitarajia. Udongo shambani ni mali. Juu ya zulia ni aibu. Paka ni mfano mzuri wa hoja hiyo. Manyoya yakiwa mgongoni mwake tunayapapasa na kuyasifu. Yakishuka sentimita thelathini tu hadi kwenye shuka, tunakunja uso. Unyoya haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali, na mahali pana wenyewe.

Katika pwani yetu swali la mahali halikuwa gumu hivi zamani. Paka alikuwa wa nyumba lakini hakuwa wa kitanda. Alikaa jikoni na ghalani kwa sababu ya panya, barazani kwa sababu ya kivuli, na ufukweni wakati mitumbwi inarudi. Hata leo ukipita Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, utaona paka ambao ni wa mtaa kama walivyo wa nyumba. Manyoya yao huanguka kwenye mchanga na kwenye vichochoro, na upepo hufanya kazi yake bila kumuuliza mtu. Sisi tunaopanga vyumba mjini tumemfungia paka ndani, kwa kuogopa magari na mbwa wa jirani. Tumempa jina, tumempa sahani yake, na usiku analala miguuni petu. Mapenzi yamehamia chumbani, na manyoya yamefuata.

Kabla ya kuzungumzia haki, ni vizuri kujua tunashughulika na kitu gani. Manyoya ya chini ya paka, yale laini yaliyo karibu na ngozi, ni membamba kuliko nywele za binadamu. Kila unyoya una magamba madogo mno yanayokamata nyuzi za kitambaa. Katika hali ya ukavu, umeme tuli huuvuta unyoya kwenye kitambaa cha nailoni au poliesta. Ndiyo maana blanketi zito lenye manyoya bandia hujaa haraka kuliko khanga ya pamba. Ukilowa, unyoya hunata. Watu wengi hudhani maji ndiyo yanayoondoa manyoya, hivyo huchukua shuka kama lilivyo na kulitumbukiza mashineni. Mashine hulizungusha, manyoya huachia upande mmoja na kushika upande mwingine, na wakati wa kukamua yanakandamizwa ndani ya nyuzi. Yale yanayobaki hujikusanya kwenye mpira wa mlango, kwenye kimfuko cha wavu kilicho ndani ya pipa, au kwenye bomba la kutolea maji. Huko huchanganyika na vumbi la pamba na masalia ya sabuni, na kuwa kitu kama kipande cha kitambaa kizito cha kijivu.

Kwa hiyo kazi halisi hufanyika kabla ya maji. Kung'uta kwanza, kitu kikiwa kikavu. Kisha vaa glovu ya mpira, ile ya kuoshea vyombo, uiloweshe kidogo, upitishe mkono kwenye shuka kuelekea upande mmoja. Manyoya hujiviringisha na kuwa vinundu unavyoweza kuviokota. Tepu iliyogeuzwa upande wa gundi humalizia kwenye pindo. Baada ya kufua, acha pipa la mashine likauke, kwa kuwa unyoya mkavu huokoteka na uliolowa hutelezea pembeni. Halafu pangusa pipa, mpira na wavu, na uipitishe mashine mara moja kwa maji matupu. Anayetandika khanga juu ya kitanda mahali paka anapolala hupunguza nusu ya shughuli: anaikunja kwa ndani na kuitoa nje nzima nzima.

Hata hapo kuna "pale". Ukikung'uta khanga kutoka kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, umewapa manyoya wa ghorofa ya pili, ambao pengine wameanika nguo za mtoto. Ukiacha wavu wa mashine umejaa, umempa anayefua baada yako. Ukimwachia dada wa kazi, umempa yeye. Hakuna njia ya kusafisha isiyo na anayepokea.

Mimi naishi Dar es Salaam, katika nyumba ya wapangaji watano wanaotumia uani mmoja, bomba moja na mita moja ya LUKU. Aliyewahi kuchangia LUKU na majirani hahitaji kuelezwa falsafa ya mali ya pamoja. Tulipokubaliana kuchanga fedha tununue mashine ya kufulia, ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, mama mmoja wa chumba cha mwisho aliniita pembeni. Analea mjukuu wa miaka sita.

"Mwanangu," aliniambia, "paka wako simchukii. Ananizungukia hapa, nami humpa vichwa vya dagaa. Ila mjukuu wangu ana pumu. Naomba unieleze, shuka zako zitapita humo humo?"

Nilimjibu, "Nimekusikia, mama. Nipe siku mbili nifikirie."

Siku zile mbili ndizo zilizoniletea fikra hizi, maana majibu yaliyokuwa karibu nami yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa na tundu.

La kwanza ni jibu la hisa. Nimechanga sawa na wengine, basi nina haki sawa na wengine; mashine haiulizi nani ana paka. Jibu hili lina nguvu ya hesabu. Lakini usawa wa mchango si usawa wa matumizi. Mwenye friji na pasi akichanga LUKU sawa na mwenye taa moja, sote tunajua kwamba sawa hiyo ina dhuluma ndani yake. Aliyechanga sehemu ya tano ya mashine amenunua sehemu ya tano ya muda wake. Hakununua haki ya kuwaachia wenzake wanne kitu ambacho hawakukichagua.

La pili ni jibu la malipo. Nitalipa anayefua. Mjini kote kuna akina mama wanaopita kutafuta nguo za kufua kwa siku. Nairobi wanaitwa mama fua, kwetu mara nyingi ni dada wa kazi anayelipwa kwa mwezi. Kuna vijana wenzangu wanaoamini kwamba palipo na malipo, maadili yamekwisha. Sikubaliani nao, ingawa sidhani kwamba kumlipa mtu akufulie ni kosa. Tatizo ni kwamba bei hupangwa kwa kile kinachoonekana: idadi ya shuka, uzito wa blanketi, ndoo za maji. Manyoya hayahesabiwi. Anayeokota unyoya mmoja mmoja kwenye duveti la mtu mwingine anatumia saa nzima ambayo haimo katika mapatano, na akiuacha ataambiwa hafui vizuri. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu staha ya wafanyakazi wa majumbani. Moja ya mambo unayotaka ni kwamba mfanyakazi aelezwe masharti ya kazi yake kwa namna anayoielewa. Hilo latosha kuwa kipimo hapa: je, ulimwambia kuna paka? Ulikubaliana naye nyongeza? Ulimuuliza kama naye hapigi chafya? Kazi iliyotajwa na kulipiwa ni kazi. Iliyofichwa ndani ya kazi nyingine imechukuliwa bure.

Kuna jambo jingine katika jibu hili la pili. Mwaka 1983 mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alichapisha More Work for Mother, kitabu kuhusu mashine za nyumbani nchini Marekani. Alionyesha kwamba mashine hizo hazikuwapunguzia wanawake saa za kazi kama ilivyotarajiwa, kwa sababu kiwango cha usafi kilipanda pamoja nazo. Shuka lililokuwa likibadilishwa mara chache likaanza kubadilishwa kila wiki. Nimeliona hilo kwa paka. Mwenye mashine humruhusu paka kitandani kwa kujiambia kwamba mashine ipo, atafua tu. Lakini mashine haina mkono wa kuokota. Uhuru ule wa paka kitandani unalipiwa na vidole vya mtu, na katika nyumba nyingi si vidole vya aliyemruhusu.

Jibu la tatu ndilo lililonivuta zaidi, kwa sababu lina upole. Ni jibu la kusameheana. Manyoya ni sehemu ya kuishi; jirani mwema huvumilia. Hapa dini yetu ya pwani ina mengi ya kusema, na nadhani inasema kwa umakini kuliko tunavyoinukuu. Inasimuliwa katika vitabu vya Hadithi kwamba Abu Qatada aliinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe. Mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa viumbe vinavyotuzunguka majumbani. Tazama sababu iliyotolewa: ni ukaribu wake. Haikusemwa kwamba paka ni mzuri au ana manufaa. Kisichoepukika hakihukumiwi kama kinachoepukika.

Kuhusu manyoya yenyewe, wanazuoni walitofautiana. Wahanafi na Wamaliki waliyaona kuwa ni tohara. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wanayafuata, manyoya yaliyomtoka mnyama asiyeliwa, naye yu hai, huhesabiwa kuwa ni najisi. Lakini kiasi kidogo husamehewa kwa sababu ya ugumu wa kujikinga nacho, na aliyezungukwa nacho zaidi husamehewa zaidi. Napenda sana muundo wa fikra hii. Haimdanganyi mtu kwamba unyoya si kitu. Wala haimtaki asali akiwa amekagua kanzu yake kwa tochi. Inasema: jitahidi, na baada ya juhudi kitakachobaki kimeachiliwa.

Lakini msamaha una mwelekeo. Umetolewa kwa yule aliyejitahidi, kuhusu ibada yake, na aliyeutoa si yeye mwenyewe. Mimi siwezi kujisamehe kwa niaba ya jirani. Siwezi kuacha kung'uta shuka langu halafu nimwambie yule mama avumilie kwa kuwa kidogo husamehewa. Kidogo ni kile kinachobaki baada ya kazi. Kabla ya kazi kinaitwa uvivu, hata kama ni nyoya tatu.

Tena kuna wasioweza kusamehe hata wakitaka. Kinachowasumbua watu wengi wenye mzio wa paka si unyoya wenyewe. Ni protini, inayoitwa Fel d 1, inayotoka hasa kwenye mate na tezi za ngozi za paka. Paka akijilamba, huipaka mwilini; ikikauka, hupeperuka na chembe za ngozi na hupanda kila kinachopanda unyoya. Ni nyepesi, hunata kwenye nguo, na husafiri. Watafiti nchini Sweden waliikuta madarasani, mahali ambapo hakuna paka aliyewahi kuingia, imeletwa na nguo za watoto wanaofuga paka nyumbani. Yule mama angeweza kunivumilia miaka kumi kwa moyo safi kabisa, na kifua cha mjukuu wake kisingejua habari za uvumilivu huo. Palipo na mapafu ya mtoto, mjadala wa hisa, malipo na upole unakuwa mfupi.

Wazee walisema: ukipenda boga, penda na ua lake. Methali hii hutumiwa mno kwenye ndoa, kumwambia bwana harusi awapokee na ndugu wa mke. Mimi naisoma pia kwa paka, na naisoma kwa kuangalia anayeambiwa. Anayeambiwa ni yule aliyelipenda boga. Methali haimgeukii jirani na kumwamuru apende ua la boga nisilompa. Kupenda ni kwangu, basi na ua ni langu: kuliokota, kulibeba, kulitafutia mahali.

Kuna kisa kinachopendwa na wafugaji wa paka, kwamba Mtume alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, na sikileti kama ushahidi wa dini. Nakileta kama hadithi ambayo watu wameichagua kuisimulia, na najiuliza kwa nini wameipenda. Nadhani ni kwa sababu kanzu iliyokatwa ilikuwa yake. Hadithi hiyohiyo ingekuwa mbaya kabisa kama paka angekuwa amelala juu ya kanzu ya mgeni na mwenyeji akaikata.

Baada ya siku mbili nilirudi kwa yule mama, nikamwamkia, nikamweleza nilichofikia. Nguo zangu za kawaida, zinazokaa kabatini kwenye mlango ambao paka hafiki, zitapita mashineni baada ya kupitishwa glovu, na nitafua Jumapili jioni, wa mwisho, nikiacha wavu umeoshwa na pipa limepanguswa. Shuka, foronya na blanketi anapolala paka hazitaingia humo kabisa. Hizo nina beseni langu na mikono yangu, na kamba ya upande wa ukuta wa nyuma, ambako upepo hautokei kwangu kwenda mlangoni kwake.

Alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na wewe ukiugua?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza. Mpango wangu ulimdhania mtu mwenye afya, mwenye Jumapili, mwenye maji bombani. Wajibu ukisimama juu ya nguvu za mtu mmoja, siku akilala kitandani manyoya yatarudi kwa wengine, kwa sababu paka haachi kupukutika kwa kuwa mwenyewe ana homa. Nilimwambia kwamba siku hiyo shuka zitakaa kwenye mfuko uliofungwa chumbani kwangu hadi nipone, hata kama ni wiki tatu. Akatikisa kichwa.

"Utalala kwenye nini wiki tatu? Utaniita," alisema. "Nitavaa glovu. Mimi sina pumu."

Nimeitafakari kauli hiyo kuliko vitabu vyote nilivyovitaja. Hakusema kwamba manyoya ni yetu sote. Alikuwa ameshahakikisha kwamba ni yangu, na mimi nimekubali kwamba ni yangu. Ndipo alipojitolea kuyabeba siku nitakaposhindwa. Mpangilio huo nadhani ndio unaotenganisha ujirani na kubebeshana. Msaada unaweza kuombwa na kutolewa pale tu ambapo mzigo una mwenyewe anayejulikana. Ukiachwa uelee hewani bila jina, utatua kwa yeyote asiye na sauti ya kukataa: dada wa kazi, mpangaji mpya, mtoto.

Kila mmoja wetu ana paka wa aina fulani. Mwingine ana spika kubwa, mwingine ana jiko la mkaa barazani, mwingine ana jenereta. Vyote vina utamu wake kwa mwenyewe, na vyote hupukutika. Sidhani kwamba tunadaiwa kuishi bila kupukutika. Mtu wa namna hiyo angelazimika kuishi bila kupenda chochote. Tunadaiwa kujua yanakotua, na kufika huko kabla ya mwingine hajainama kuyaokota.